Ndugu Yenu Ameshitakiwa: Namna ya Kumtafutia Wakili Bila ya Kuvuka Mipaka ya Mwenyezi Mungu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa masuala yanayotufikia mara kwa mara kutoka Unguja na Pemba ni ya wazazi na ndugu ambao kijana wao amekamatwa na polisi. Maswali yao huwa matatu. La kwanza: je, inajuzu kumwekea wakili hali ya kuwa hatujui kama kafanya au hakufanya? La pili: ikiwa inajuzu, wakili mwaminifu anapatikana wapi? La tatu: na sisi tusiokuwa na uwezo, tufanye nini?

Tumeona tuyajibu yote kwa pamoja. Familia nyingi huingia katika mtihani huu ghafla, usiku, bila ya kujua pa kuanzia, na ndipo hupoteza fedha, na wengine hupoteza dini yao kabla ya kesi kuanza.

Hukumu ya kuweka wakili

Wakala, yaani mtu kumweka mwenziwe asimame badala yake, ni jambo lililothibiti katika sheria yetu. Wanavyuoni hutolea dalili kisa cha Watu wa Pangoni katika Suratul Kahf, pale walipomtuma mmoja wao na fedha zao awanunulie chakula. Ama wakala katika kesi, imepokewa na Al-Bayhaqi kwamba Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa hapendi kuhudhuria mwenyewe penye ugomvi, akimweka ndugu yake Aqil, na Aqil alipokuwa mtu mzima akamweka Abdullah bin Jaafar. Imamu Abu Hanifa aliweka sharti la kuridhika kwa upande wa pili isipokuwa penye udhuru, lakini wanavyuoni walio wengi, akiwemo Imamu Shafi, hawakuliweka sharti hilo.

Tena tutazame kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Alipoamrishwa kwenda kwa Firauni, alitaja kuwa ameua mtu kwao na anachelea kuuliwa, kisha akaomba apewe ndugu yake Harun kwa kuwa ni fasaha zaidi wa ulimi. Ikiwa Nabii wa Mwenyezi Mungu aliomba msaidizi mwenye ufasaha, haiwi aibu kwa kijana wa skuli au mvuvi asiyewahi kuiona hati ya mashtaka kutafuta mtu wa kumsemea.

Na Mtume (S.A.W.) alipompeleka Ali kuwa kadhi Yemen alimfundisha asimhukumie wa kwanza mpaka amsikilize wa pili, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi kumsikiliza mshitakiwa ni haki yake. Anayeshindwa kujieleza kwa woga au kwa kutojua taratibu, kumpatia wa kumueleza ni katika kuitimiza haki hiyo. Jawabu la suali la kwanza, kwa hiyo, ni kwamba inajuzu, na pengine huwa wajibu pale anapochelewa kudhulumiwa.

Sheria ya nchi nayo iko upande huo. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 12, inamhesabu mtu hana kosa mpaka ithibitike vingine. Na huu ndio msingi tuliousoma madrasa: ushahidi ni juu ya mwenye kudai.

Mpaka usiovukwa

Ruhusa hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe umo katika Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105. Wafasiri wanaeleza kwamba mtu wa ukoo wa Banu Ubayriq aliiba deraya, na alipoogopa kugundulikana akamtupia wizi huo mtu asiyehusika. Katika riwaya moja mashuhuri huyo aliyesingiziwa alikuwa Myahudi. Jamaa zake mwizi wakakusanyika, wakenda kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea mtu wao kwa maneno mazuri. Zikashuka aya kumkataza Mtume asiwe mtetezi wa wenye khiyana, na kumsafisha asiyekuwa na kosa, ingawa hakuwa wa dini yetu.

Tuzisome aya hizi kila tunapotaka kwenda mahakamani kwa ajili ya ndugu. Kosa la Banu Ubayriq halikuwa kumtetea jamaa yao. Kosa lao lilikuwa kumtetea kwa uongo na kumbebesha mwengine mzigo. Basi wakili tunayemtafuta ni wa kuupambanua ushahidi, kuhakikisha utaratibu umefuatwa, na kumuombea mshitakiwa kile anachostahiki. Hatutafuti wa kutunga mashahidi. Katika hadithi ya Bi Ummu Salama, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba huenda mmoja wetu akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe akahukumiwa haki ya mwengine, na kwamba hicho alichokatiwa huwa ni kipande cha moto. Hukumu ya mahakama haihalalishi mbele ya Mwenyezi Mungu kitu kilichopatikana kwa uongo.

Saa za mwanzo

Habari ikifika kwamba kijana amekamatwa, jambo la mwanzo ni kujua kituo alichopelekwa. Wende watu wawili watulivu, si ukoo mzima. Waulize anatuhumiwa kwa kosa gani, na nani anayesimamia upelelezi, kisha waandike majina, tarehe na saa. Kama kijana ana maradhi ya kudumu, mathalan sukari, pumu au kifafa, lisemwe hapo hapo na dawa zake zipelekwe. Kama umri wake haujafika miaka 18, wachukue cheti cha kuzaliwa, kwa sababu mtoto ana utaratibu wake mbali katika sheria.

Jambo la pili ni maelezo ya polisi. Kijana aambiwe asiseme uongo, lakini pia asitie saini karatasi asiyoisoma au asiyosomewa akaifahamu. Ana haki ya kuomba ndugu yake au wakili awepo. Kesi nyingi huanguka au husimama kwa maelezo yaliyotolewa siku ya kwanza, na wakili akija baada ya mwezi mmoja huyakuta maji yameshamwagika. Ndiyo maana tunasema wakili atafutwe mapema. Watu wetu wengi humngoja mpaka siku ya hukumu.

Jambo la tatu ni ndimi zetu. Jina na picha ya mtuhumiwa visizungushwe katika makundi ya simu, wala habari za aliyedhulumiwa, hasa akiwa ni mtoto au mwanamke. Hiyo ni heshima ya Muislamu, na kuivunja ni haramu hata kama tuhuma ni za kweli.

Nani ni wakili, na nani si wakili

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, basi tupambanue.

Wakili ni mwanasheria aliyekubaliwa na Mahakama Kuu na ana leseni hai ya kufanya kazi hiyo. Kuwa na shahada ya sheria peke yake hakumfanyi mtu kuwa wakili.

Wakili wa Serikali, aliyeko katika Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ni yule anayeendesha mashtaka. Wako wazee wanaosikia jina "wakili" wakamfuata yeye kumhadithia siri za mtoto wao, wakidhani ndiye wa kumtetea. Huyo yuko upande wa mashtaka. Aheshimiwe, lakini si wakili wenu.

Msaidizi wa sheria ni mtu aliyepata mafunzo ya kuwaelekeza wananchi katika shehia zao. Msaada wake ni mkubwa katika kuelewesha, kuandika barua na kuelekeza pa kwenda, lakini hasimami mahakamani kutetea kesi ya jinai.

Kadhi naye, pamoja na heshima yake, mahakama yake inashughulikia ndoa, talaka, malezi, mirathi, wakfu na mfano wa hayo. Haisikilizi kesi za jinai, wala kadhi hana mamlaka ya kumtoa mtu rumande. Sisi masheikh vile vile. Mkija kwetu tutakupeni nasaha na dua, na njia ya kumfikia mwenye kazi yake.

Wa mwisho ni kishoka. Huyu hukaa karibu na mahakama au kituo cha polisi, huvaa vizuri, hujua majina ya mahakimu, na husema "mimi nina mtu ndani". Hana ofisi wala leseni, hatoi risiti, na fedha huitaka leo hii. Tumeona familia ikiuza mikarafuu yake kumlipa mtu wa namna hii, na kijana wao akaendelea kulala rumande. Alama yake kubwa ni kwamba hasemi atafanya kazi gani, husema tu kesi itakwisha.

Lipo jambo jengine la kuzingatiwa. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na mawakili wake, na Bara vile vile. Kuwa wakili wa Bara hakumpi mtu haki ya moja kwa moja ya kusimama katika mahakama zetu, wala wakili wa Zanzibar kusimama katika za Bara. Basi kijana wa Wete akishitakiwa Tanga au Dar es Salaam, atafutiwe wakili wa huko. Na kesi ya jinai ikishatoka Mahakama Kuu ya Zanzibar, rufaa yake huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Pa kumtafuta

Waulizwe kwanza watu waaminifu waliowahi kuwa na kesi ya jinai, si ya shamba wala ya mirathi, kwani kila fani ina watu wake. Kisha jina litakalotajwa lihakikishwe kwa Chama cha Wanasheria Zanzibar (ZLS) au Ofisi ya Mrajis wa Mahakama Kuu, kama mtu huyo ni wakili na leseni yake iko hai. Kwa Bara, wa kuulizwa ni Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS). Kuuliza huku si dhana mbaya. Tumeamrishwa kuthibitisha habari, na mgonjwa hampi mwili wake mtu asiyejua kuwa ni daktari.

Mkimpata, mwende ofisini kwake, muonane naye mwenyewe, na mumuulize haya:

1. Umewahi kusimamia kesi za kosa kama hili, na katika mahakama gani?
2. Utakuja mahakamani wewe mwenyewe, au utamtuma mwengine?
3. Kosa hili lina dhamana? Kama linayo, masharti yake ni yepi?
4. Adhabu yake kisheria ni ipi ikiwa atatiwa hatiani?
5. Unaona nini katika ushahidi mpaka sasa, cha kutufaa na cha kutudhuru?
6. Ada yako ni kiasi gani, inajumuisha nini, na rufaa imo au haimo?
7. Tutapataje habari za kesi, na kwa nani?

Wakili mzuri atakwambieni na yale msiyopenda kuyasikia. Anayekuhakikishieni ushindi kabla ya kuiona hati ya mashtaka, muogopeni. Na wakili akikushaurini mlete shahidi wa kusema asiyoyaona, ondokeni, hata kama ni hodari kuliko wote. Ushahidi wa uongo Mtume (S.A.W.) ameutaja pamoja na ushirikina na kuwaasi wazazi wawili.

Kwa upande wenu, wakili aambiwe ukweli wote. Amana ya siri iko juu yake, na hawezi kutibu jeraha alilofichwa.

Malipo na makubaliano

Ada ya wakili ni ujira wa kazi, na ni halali ikiwa kazi yenyewe ni halali. Sharti la ujira ni kujulikana. Basi yaandikwe makubaliano: kazi gani, kwa kiasi gani, kwa awamu ngapi, na kila malipo yatolewe risiti. Malipo yawe kwa kazi ya utetezi yenyewe, yasifungwe na sharti la kijana kuachiwa huru, kwa kuwa hukumu haimo mikononi mwa wakili, na sharti hilo hufungua mlango wa hila. Mkishaafikiana, mlipeni kwa wakati. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Fedha ya "kumpoza" askari, karani au hakimu ni rushwa, kwa jina lolote mtakalolipa, iwe chai, soda au ahsante. Amelaaniwa mtoaji na mpokeaji. Na tuliangalie hata kwa jicho la dunia: familia iliyotoa rushwa leo hushikwa kesho, ikawa na washitakiwa wawili badala ya mmoja.

Dhamana

Dhamana ya mahakama inafanana na kile wanavyuoni wanachokiita kafala ya nafsi, yaani mtu kujifunga kumhudhurisha mwenziwe siku atakapotakiwa. Kwa hivyo anayesimama mdhamini ajue amebeba ahadi. Kijana akitoroka, mdhamini huulizwa, na huweza kupoteza mali aliyoiweka. Asisimame mtu kwa kuona haya tu. Mara nyingi huhitajika kitambulisho na barua ya sheha, basi vitayarishwe mapema. Dhamana haiuzwi. Kama mahakama imetaka fedha ziwekwe, huwekwa kwa utaratibu na kwa risiti ya serikali.

Yapo makosa ambayo sheria haikuyafungulia mlango wa dhamana, mfano mauaji. Hapo kumlaumu wakili kwa kushindwa kumtoa kijana ni kumdhulumu. Kazi iliyobaki ni kuisukuma kesi isikilizwe, na kumtembelea aliyeko ndani.

Wasiokuwa na uwezo

Umasikini si sababu ya mtu kukosa wa kumsemea. Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018, na ipo Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria inayosimamia huduma hiyo. Kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992 na kinachowahudumia watu wa Unguja na Pemba. Ipo pia jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, ambayo inafaa sana kwa kina mama na watoto. Na katika makosa mazito kama ya mauaji, mshitakiwa asiyeweza kulipa aiombe mahakama impangie wakili kwa gharama za serikali. Asinyamaze kwa kuona haya. Pa kuanzia ni kwa sheha au msaidizi wa sheria wa shehia yenu.

Jamaa na majirani nao wana nafasi yao. Kumchangia ada ya wakili mtu anayedhaniwa kudhulumiwa ni sadaka na ni kumsaidia mwenye dhiki. Na ikiwa familia yake ni mafakiri au masikini, wanaweza kupewa zaka kwa sifa yao hiyo, nao wakaitumia kwa haja zao.

Akiwa kweli kafanya?

Hili ndilo suali zito. Wazazi hutwambia: "Sheikh, mtoto mwenyewe ametukiri. Bado tumuwekee wakili?" Jawabu letu ni ndiyo, kwa masharti. Mkosa naye ana haki: asipigwe, asishitakiwe kwa zaidi ya alilolitenda, asihukumiwe kwa ushahidi usio sahihi, na atajiwe yanayomstahikia huruma, kama umri wake, kujuta kwake na kuwa ni kosa lake la kwanza. Yote hayo wakili anaweza kuyasimamia bila ya neno moja la uongo. Ama kumbebesha mwengine kosa lake, au kumwita aliyedhulumiwa muongo hali anajua kuwa ni mkweli, hiyo ni njia ya Banu Ubayriq.

Na kuna haki za waja. Kama ameiba, mali irudi kwa mwenyewe. Kama amejeruhi, amtake radhi aliyemjeruhi na amlipe. Toba haitimii kwa kushinda kesi.

Tunalisema wazi pia lile la muhali, kwa kuwa ni maradhi ya visiwa vyetu. Mtoto wa jirani anadhalilishwa, mshitakiwa ni ami au binamu, na wazee wanakaa usiku kumbembeleza mama wa mtoto asende kutoa ushahidi, ati tusivunje udugu. Wanaoufanya upatanishi huo hawamtetei ndugu yao. Wanamdhulumu mtoto mara ya pili na wanaficha ushahidi, na Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara kwamba moyo wa mwenye kuuficha ushahidi una dhambi. Upande wa mshitakiwa usende nyumbani kwa mashahidi kabisa, si kwa zawadi wala kwa machozi. Mwenye hoja aipeleke kwa wakili, na wakili aiseme mahakamani mbele ya watu wote.

Wasia wetu

Kesi huchukua muda. Huahirishwa, shahidi hakuja, hakimu amehamishwa. Familia ihudhurie kila tarehe, iweke karatasi zote katika bahasha moja, na akitiwa hatiani imuulize wakili siku hiyo hiyo kuhusu rufaa, kwani muda wake una mwisho.

Na tumkumbuke Nabii Yusuf (A.S.). Alipoitwa atoke jela hakukimbilia mlango. Alitaka kwanza jambo lake lichunguzwe mpaka ukweli ubainike. Aliye safi autake uchunguzi wa haki bila ya kuuogopa, na aliyeteleza asione kwamba mlango wa Mola wake umefungwa kwa sababu mlango wa rumande umefungwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafariji waliodhulumiwa, awatoe wasiokuwa na hatia, awaongoze waliokosa, na awape mahakimu na mawakili wetu khofu ya kusimama mbele Yake siku ambayo hakuna atakayemsemea mwengine ila kwa idhini Yake.

Wallahu a'lam.